Pinde na mishale ya Wayanomami wa Amazoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekulia katika nyumba ya wapiga upinde. Podo la babu yangu, yaani mfuko wa mishale, kule Kitui, liliendelea kuning'inia juu ya mlango wa ghala miaka mingi baada ya uwindaji kupigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kulipangusa vumbi. Kwa hiyo nikisikia mtu akiziita silaha za watu wa Amazoni "vijiti vya porini", roho huniuma. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa zaidi kuhusu pinde na mishale ya Wayanomami, na nimeyajibu kadiri ninavyoyajua. Penye mengi ya kusema nimesema mengi.

Wayanomami ni akina nani?

Ni watu wa msituni, wawindaji na wakulima kwa pamoja, wanaoishi pande mbili za mpaka wa Brazili na Venezuela, kwenye milima ya Parima na vyanzo vya mto Orinoco. Upande wa Brazili ardhi yao ina ukubwa wa hekta milioni 9.6 hivi, nayo ilitambuliwa kisheria Mei 1992. Sensa ya Brazili ya mwaka 2022 ilihesabu humo wenyeji zaidi ya 27,000, na upande wa Venezuela wako maelfu wengine. Hulima ndizi za kupika, mihogo, tumbaku na pamba. Kijiji kizima huweza kuishi chini ya paa moja kubwa la mviringo lililo wazi katikati, liitwalo shabono, kila familia na moto wake na vitanda vyake vya kamba. Mwanamume akitoka humo, awe anakwenda kuwinda au kumtembelea shemeji yake kijiji cha pili, hushika upinde na mishale miwili mitatu mkononi.

Mbona mishale yao ni mirefu kuliko mtu?

Hili ndilo swali la kwanza la kila anayeona picha. Mshale wa Myanomami hufikia karibu mita 2, na ukisimamishwa kando ya mwenyewe mara nyingi humpita kimo. Aliyezoea mishale ya kwetu, inayoingia podoni na kubaki nafasi, huona ni kichekesho.

Fikiria msitu wenyewe. Hakuna uwanda wa kumwona swala umbali wa hatua mia moja. Kuna mashina, kamba za mimea, majani juu ya majani, na mnyama huonekana akiwa karibu sana au haonekani kabisa. Mwindaji hupiga kwa karibu, na mara nyingi hupiga kwenda juu, kwenye matawi. Mshale mrefu ulio mwepesi hutulia upesi ukitoka kwenye upote, ile kamba ya upinde, na hauyumbi. Ukimpata mnyama wa chini naye akakimbia nao mwilini, unanasa kwenye kila kichaka anachopita na kumchelewesha. Ukimkosa, ni rahisi kuuona ulipoangukia. Jaribu kuutafuta mshale wa nusu mita kwenye majani makavu ya msitu wa mvua.

Tena wano, yaani ufito wa mshale, ni tete, si mti mzito, kwa hiyo urefu ule hauchoshi mkono.

Upinde hutengenezwa kwa mti gani?

Mti unaosifiwa zaidi ni wa jamii ya mnazi, Wayanomami huuita rasha na Wabrazili huuita pupunha. Shina lake limejaa miiba myeusi tangu chini mpaka juu, na matunda yake mekundu au ya manjano huchemshwa na kuliwa kama tunavyokula viazi. Huupanda shambani kwa ajili ya chakula. Miti mingine ya jamii hiyo, ile inayoota yenyewe msituni, nayo hutoa pinde.

Anayejua boriti la mnazi mkongwe ataelewa mara moja kwa nini mti huu umechaguliwa. Nguvu yote iko nje. Moyo wa shina ni laini, karibu kama sifongo, lakini ganda la nje ni jeusi, zito, na limejaa nyuzi ngumu zinazokimbia wima bila fundo hata moja. Fundi hupasua shina, akaitupa ile sehemu laini, akabaki na ubao mwembamba wa lile ganda. Upinde ukikamilika huwa na urefu wa mita 1.5 hadi kukaribia 2, umenyooka, na unamtaka mtu mwenye mgongo na mabega ya kazi kuuvuta.

Kabla ya chuma kuwafikia, walichongaje mti mgumu hivyo?

Kwa meno. Huko kuna nguruwe wa msituni aitwaye pekari, anayetembea kwa makundi makubwa, na pembe zake za mdomoni zina makali kama patasi. Fundi huchukua taya la chini la pekari, pembe zikiwa bado mahali pake, akaliburuza juu ya ubao kama seremala anavyoburuza randa. Kila mpito huondoa uzi mwembamba wa mti. Kazi huenda polepole, na hiyo polepole ni salama, kwa sababu mti wa namna hii ukikatwa kwa pupa hupasuka kufuata nyuzi zake na kazi yote ikapotea.

Kwa kazi ndogo, kama kuchonga vigumba, yaani ncha za mishale, kuna chombo kingine ninachokipenda zaidi: jino la mbele la aguti, mnyama mgugunaji mwenye ukubwa wa sungura, lililofungwa kwenye kipande cha kijiti. Jino la mgugunaji limeumbwa lijinoe lenyewe, na Wayanomami wameliona hilo na kulitumia. Siku hizi mapanga na visu vya chuma vipo, na kazi nyingi hufanywa navyo.

Na upote?

Ni nyuzi za mimea: za gome la ndani la mti, au za majani ya mmea wa jamii ya nanasi. Husokotwa kwa kiganja juu ya paja, kama bibi zetu walivyosokota kamba za katani na za mbuyu.

Wano na manyoya hutoka wapi?

Wano halitoki msituni, na hili huwashangaza wengi. Hulimwa. Katika shamba la Myanomami, pembeni mwa migomba, utakuta kichaka cha tete refu ambalo wataalamu wa mimea huliita Gynerium sagittatum, na neno hilo la pili kwa Kilatini maana yake ni "lenye umbo la mshale". Kinachokatwa ni lile bua refu linalobeba ua kileleni. Bua hilo halina vifundo, ndiyo maana linafaa. Hukaushwa, kisha hupitishwa motoni na kunyooshwa kwa mikono palipo na pindo, huku mwenyewe akifumba jicho moja na kulitazama kwa urefu wake wote.

Manyoya hupendwa ya bawa la kurasou, ndege mkubwa mweusi anayetembea chini msituni kama kanga wetu, mwenye nyama tamu. Unyoya hupasuliwa katikati, na nusu mbili zikafungwa kila moja upande wake. Unyoya wa bawa una mkunjo wake wa asili, na mkunjo huo huufanya mshale uzunguke angani. Mshale unaozunguka hauendi upogo. Kinachofunga ni uzi mwembamba wa pamba ya shambani kwao, mzunguko juu ya mzunguko, ukapakwa utomvu ushike. Kwa nyuma kabisa huchomekwa kipande cha mti kilichokatwa pengo la kushika upote, kwa kuwa tete tupu lingepasuka.

Podo lao ni fupi kama mkono. Mishale inaingiaje humo?

Haiingii. Swali hili linanipa furaha kila ninapoulizwa, kwa sababu jibu lake ndilo ufunguo wa silaha nzima.

Podo lao huitwa tora. Ni pingili ya mwanzi, nene kiasi cha kushikika vizuri mkononi, lililofunikwa mdomo kwa kipande cha ngozi ya mnyama, nalo huning'inia mgongoni kwa kamba iliyopita shingoni. Ndani yake hamna mishale, mna vigumba. Mwindaji hubeba mawano mawili au matatu tu mkononi, na podoni ana vigumba vya kila aina. Akisikia nyani juu ya miti, anachomeka cha nyani. Akiona matopeni alama mbichi za tapiri, mnyama mkubwa wa msituni mwenye pua ndefu, anakitoa kile na kuchomeka cha tapiri.

Kwenye podo hilohilo, kwa nje, mara nyingi huning'inia lile jino la aguti la kunolea. Na kwa mazoea ya zamani mwindaji hakukosa vijiti vyake vya kupekechea moto, ulindi na ulimbombo, vya mti wa kakao. Mtu mwenye podo la namna hii angeweza kulala msituni siku nyingi akala, akaota moto na kutengeneza mshale uliovunjika.

Mimi nililinganisha na podo la babu. Lile la babu lilikuwa refu, la ngozi, lenye kifuniko, na ndani mishale ilikuwa mizima, kila kigumba kimeviringishiwa ukanda laini wa ngozi ili sumu isikauke na isimchome mtu. Aliponiruhusu kuchungulia alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka nilipomaliza.

Vigumba viko vya aina ngapi?

Vitatu ndivyo vya kukumbuka.

Cha kwanza ni rahaka, kipande kipana cha mwanzi kilichochongwa kama jani la mkuki. Makali ya mwanzi hukata kama wembe, jeraha huwa pana na damu nyingi hutoka. Hiki ni cha wanyama wakubwa: tapiri na pekari. Vingi hupakwa rangi au kuchorwa mistari.

Cha pili ni cha ndege. Kipande cha mfupa wa nyani hunolewa ncha zote mbili na kufungwa kwa mshazari kwenye mbao nyembamba ya mbele, ncha moja ikichoma na nyingine ikirudi nyuma kama ndoana. Ndege akipigwa hawezi kuuchomoa mshale wala kuruka nao mbali.

Cha tatu ni cha sumu, nacho kwa macho ndicho kinyonge kuliko vyote: kijiti cha mti wa jamii ya mnazi, chembamba kama penseli. Kikitazamwa kwa karibu kina mikato midogo iliyozunguka, kila baada ya vidole viwili vitatu. Mtu asiyejua atadhani ni mapambo. Mikato hiyo imewekwa makusudi ili kijiti kivunjike ndani ya mwili. Nyani ana mikono kama yetu. Akichomwa hushika mshale na kuuvuta. Anachopata ni wano tupu, ambalo huanguka chini kwa mwenyewe aliokote, na ncha yenye sumu imebaki nyamani.

Sumu yenyewe ni nini na hutengenezwaje?

Ni ile ambayo dunia inaiita kurare. Wayanomami huiita mamokori, nayo hutoka kwenye mmea unaotambaa juu ya miti, wa jamii ya Strychnos. Gome hukwanguliwa, likawekwa kwenye faneli ya majani, na maji ya moto hupitishwa juu yake tone kwa tone, kama mtu anavyochuja kahawa. Kinachotoka chini ni maji ya rangi ya kahawia. Hupakwa juu ya vigumba vilivyopangwa karibu na makaa. Tabaka moja likikauka hupakwa lingine, na lingine tena, mpaka kijiti kinakuwa cheusi kinachong'aa. Unyevu ni adui yake, ndiyo maana vigumba hivi hutunzwa ndani ya podo la mwanzi lililofunikwa.

Baadhi yao wametumia pia utomvu mwekundu wa mti wa jamii ya Virola. Ni utomvu uleule ambao waganga wao huukausha na kuuvuta puani ili waonane na mizimu ya msitu.

Kurare haiuui moyo. Inakata mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli. Mnyama analegea, shingo inalegea, mwisho misuli ya pumzi nayo inalegea, na anakufa kwa kukosa hewa. Kwa mwindaji wa nyani kuna faida isiyofikirika upesi. Nyani wengi wa Amazoni wana mkia unaoshika tawi kama mkono wa tano, na nyani aliyepigwa mshale wa kawaida anaweza kufa huku mkia umeng'ang'ania juu, mita 30 kutoka ardhini. Sumu inalegeza hata mkia, na nyani anaanguka.

Nyama iliyopigwa sumu inalikaje bila kumdhuru mtu?

Kwa sababu kurare haipiti kwenye utumbo kwa urahisi. Ikiingia kwenye damu inaua. Ikimezwa haifiki kwenye damu kwa kiasi cha kudhuru. Alexander von Humboldt, mwanasayansi Mjerumani aliyefika Esmeralda kwenye Orinoco ya juu mwaka 1800, aliona sumu ikitengenezwa mbele yake na akaonja. Hatari ni kwa mwenye kidonda mdomoni.

Ni kweli sumu hii imefika hospitalini?

Ni kweli kabisa. Mwaka 1814 Mwingereza Charles Waterton alishiriki jaribio jijini London ambapo punda jike alichomwa kurare, akaacha kupumua, akapuliziwa hewa mapafuni kwa mivuo kwa saa kadhaa, akaamka. Aliishi miaka 25 zaidi. Hapo ikajulikana kwamba sumu haiharibu mwili, inausimamisha tu. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Claude Bernard alionyesha mahali hasa inapofanyia kazi, pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Na tarehe 23 Januari 1942, jijini Montreal, daktari Harold Griffith na msaidizi wake Enid Johnson walimpa dawa ya kurare mgonjwa aliyekuwa akifanyiwa upasuaji, misuli ikalegea, daktari akafanya kazi yake bila mgonjwa kulazimika kulazwa usingizi mzito wa hatari.

Niseme ukweli wote: dawa ile ya 1942 ilitokana na mmea mwingine, Chondrodendron, wa magharibi mwa Amazoni, si ule wa Wayanomami. Lakini elimu ni moja, na wenye elimu hiyo walikuwa watu wa msitu. Dawa za kulegeza misuli zinazotumika leo kwenye vyumba vya upasuaji, Muhimbili na Kenyatta zikiwamo, zilianzia kwenye njia hiyohiyo.

Ni sawa na sumu ya mishale ya Afrika Mashariki?

Hapana. Wakamba, Wagiriama na Wawaata hutumia mti wa Acokanthera, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutumia pia Adenium, yule waridi wa jangwani anayepandwa leo mbele ya hoteli. Sumu zote mbili hupiga moyo. Ya kwetu iliweza kumwangusha hata tembo, na Wawaata wa Tsavo walisifika kwa hilo. Lakini zinafanana katika jambo moja: nazo hazidhuru sana zikipitia tumboni, kwa hiyo nyama huliwa. Watu wawili wasioonana, bahari katikati, waligundua jambo lilelile.

Je, kila mwanamume hujitengenezea silaha yake yote?

Anaweza. Kila mtu mzima anajua kuchonga upinde na kufunga mshale. Hata hivyo, kijiji kimoja kitajulikana kwa mawano, kingine kwa vigumba, kingine kwa mbwa wa kuwinda, kingine kwa uzi wa pamba, na watu watakwambia kwao hakipatikani hiki au kile ingawa kinaota palepale nyuma ya shamba. Napoleon Chagnon, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeanza kuishi nao mwaka 1964, alilieleza hili vizuri: upungufu huo ni wa kujitakia, kwa sababu unatoa kisingizio cha kutembeleana. Unakwenda kuomba vigumba, mwenzako atakuja siku nyingine kudai mawano. Pale kwenye kudaiana ndipo urafiki wa vijiji viwili unaposhika, kisha yanafuata kula pamoja, kisha kuoana. Podoni mwa mtu mmoja unaweza kukuta rahaka zilizotoka vijiji mbalimbali, na mwenyewe anajua ipi ilitoka kwa nani.

Mwindaji hula alichokiua?

Hali. Katika sehemu nyingi za Uyanomami mwindaji hagusi nyama ya mnyama aliyempiga mwenyewe. Akiila, bahati ya uwindaji itamkimbia na mishale yake itakosa. Nyama huwapa wengine, naye hula ya wenzake. Nimelifikiria sana jambo hili. Mpiga upinde hodari kuliko wote kijijini hulala njaa kama hakuna mwingine aliyepata.

Kukiwa na reahu, ile sherehe kubwa ya kuwakumbuka marehemu, wanaume huondoka kwa pamoja kwa siku nyingi, uwindaji uitwao heniyomou, nyama ikakaushwa kwa moshi hukohuko msituni na kuletwa kwa ajili ya wageni.

Watoto hujifunzaje?

Mvulana hupata upinde wake mdogo karibu tu anapojua kutembea vizuri. Mjusi akifungwa uzi kiunoni na kuachiwa uwanjani, watoto humfuata kwa vishale vyao kwa vigelegele. Baadaye huja ndege wadogo, baadaye kumfuata baba. Kulenga shabaha ni sehemu ndogo ya somo. Kubwa ni kusikia: kujua ndege gani ameshtuka na kwa nini, na kuigiza sauti ya mnyama mpaka asogee mwenyewe. Katika msitu ule, asiyejua kuita hatapata nafasi ya kupiga.

Na wanawake?

Upinde ni wa wanaume. Wanawake huvua samaki kwa kulevya maji kwa mimea, hukamata kaa, na mara nyingine hufuatana na wawindaji na mbwa.

Mbona hawatumii bomba la kupulizia vishale?

Majirani zao Waye'kwana wanalitumia, na ni mafundi wa kulitengeneza. Wayanomami wamebaki na upinde wao, ambao unampiga nyani wa juu na tapiri wa chini, jambo ambalo bomba haliwezi.

Silaha hizi hutumika kupigana?

Ndiyo, na sioni sababu ya kuficha. Ugomvi wao una ngazi: kupigana ngumi za kifua, kisha marungu, na mbali kabisa ndipo uvamizi wa alfajiri kwa mishale. Chagnon, katika kitabu chake cha 1968, aliwapa ulimwenguni sifa ya ukali, na wanaanthropolojia wengine, Bruce Albert akiwamo, walimpinga vikali, wakisema sifa hiyo iliwapa silaha waliotaka kuinyakua ardhi yao. Mimi nasimama na hao wa pili. Watu wenye ngazi nyingi za kumaliza hasira kabla ya kushika mshale wanastahili jina jingine.

Mtu akifa, nani hurithi upinde wake?

Hakuna. Vitu vya marehemu huteketezwa, upinde na mishale pamoja navyo, na hata jina lake halitajwi tena ovyo. Ndiyo maana hutakuta kwa Myanomami upinde wa babu wa babu. Kila upinde uliopo ni wa mtu aliye hai. Nilipolisoma hili kwa mara ya kwanza nilikumbuka podo la babu, ambalo sisi tuliliweka mpaka mchwa wakalimaliza, na sikujua ni nani kati yetu aliyemheshimu mzee wake zaidi.

Bado wanawinda kwa upinde, au bunduki zimechukua nafasi?

Vyote viwili vipo. Bunduki ziliingia kupitia vituo vya misheni, biashara na wageni. Lakini risasi zinataka fedha, na mlio mmoja hutawanya kundi zima la nyani. Upinde haulii. Mwindaji mtulivu anaweza kumpiga mnyama wa pili kabla kundi halijajua kilichotokea. Katika vijiji vya ndani upinde ungali kazini.

Ni nini kinautishia uwindaji huu leo?

Dhahabu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wachimbaji haramu wapatao 40,000 waliingia ardhini mwao, na magonjwa yakaingia nao. Mwaka 1993, huko Haximu, wachimbaji waliwaua Wayanomami 16, na mahakama ya Brazili ikalihukumu tendo hilo kuwa ni mauaji ya kimbari. Wachimbaji wakafukuzwa, wakarudi tena kwa maelfu, mpaka Januari 2023 serikali ya Brazili ikatangaza hali ya dharura ya kiafya baada ya picha za watoto waliokonda kuonekana dunia nzima. Zebaki ya kuoshea dhahabu iko mitoni na ndani ya samaki. Kelele za mashine na ndege ndogo hufukuza wanyama. Mzee aliyelala na malaria hawezi kwenda kuwinda siku tano, na kijana wake anayeitiwa mgodini kwa ahadi ya simu na bunduki hatakuwapo kumfuata nyuma ajifunze. Davi Kopenawa, mganga na msemaji wao, amekuwa akiyasema haya tangu miaka ya 1980.

Naweza kununua upinde wa Kiyanomami nikautundika ukutani?

Kuwa mwangalifu. Sheria ya Brazili ya mwaka 1998 kuhusu makosa dhidi ya mazingira hukataza kuuza bila kibali vitu vilivyotengenezwa kwa sehemu za wanyamapori, na mshale wenye unyoya au mfupa umo. Forodha za nchi nyingine nazo hukamata. Kigumba cha zamani chenye weusi unaong'aa usikiguse kwa mkono mtupu.

Kwa anayetaka kuona kwa macho, Museu Goeldi ya Belém, iliyoanzishwa mwaka 1866, ina hazina kubwa ya vitu vya watu wa Amazoni, na makumbusho mengi ya Ulaya yana mishale ya aina hii kabatini. Ukifika, usianze na kigumba kama wafanyavyo wote. Inama uangalie nyuma, pale uzi wa pamba ulipoushika unyoya kwenye tete. Kama taa inatosha, mizunguko yake utaweza kuihesabu.